Shupaza Saba

Bahari tuliihesabu kwa penseli
nyuma ya bili ya umeme:
chumba, maegesho, kiti cha ufukweni kwa siku,
mwavuli nao kwa siku,
kana kwamba kivuli kina mwenyewe.
Nevena akapiga mstari chini ya jumla,
akautazama, akacheka.
"Twende kwa shangazi Yordanka," alisema.
"Kule kivuli ni cha bure."

Garimoshi dogo la Rodopi halina haraka na mtu.
Hupanda likikohoa, huzunguka kilima kimoja mara mbili
kama aliyesahau ufunguo nyumbani.
Kwenye kituo kisicho hata na kibao
dereva alishuka, akanunua plamu kwa mama mmoja,
akatugawia dirishani, moja moja.
Mizigo yetu: mikate miwili, soseji, sweta,
na karata pungufu, shupaza saba haipo.

Nyumba ni mawe chini, mbao juu,
paa limebonyea katikati mfano wa mgongo wa punda mzee.
Choo ki uani, nyuma ya banda la kuku;
usiku huendewa kwa tochi na moyo mkuu.
Asubuhi ya kwanza mwanangu Momchil
aliuliza neno la siri la intaneti.
Shangazi akamkabidhi ndoo.
"Neno lenyewe hili," alisema. "Kisima kile pale."

Hatukuwa na la kufanya, na kila siku ilijaa pomoni.
Tulichimbua viazi kwa vidole,
vikatoka na joto la udongo
kama mayai yaliyoachwa na mtetea sasa hivi.
Jibini la kondoo, chumvi, kitunguu kilichopasuliwa kwa ngumi:
tulikula mpaka sufuria ikatuonyesha uso wake.
Zornitsa, binti yangu mwenye miaka sita,
aliingia mtoni akatoka papo hapo,
meno yakigongana ka-ka-ka,
akaapa harudi tena.
Alirudi mara kumi na moja. Tulihesabu.

Kisha mvua. Siku tatu mfululizo.
Shangazi alikata kadibodi ya boksi la sabuni,
akachora shupaza saba kwa makaa ya jiko,
zimepinda kila moja na upande wake,
akaichanganya na wenzake.
Basi kila mtu akajua kadi hiyo iko mkononi mwa nani,
maana mgongo wake uliandikwa SABUNI
kwa herufi nyekundu.
Na kila mtu akajifanya haoni.
Hata Momchil, ambaye hajawahi kusamehe mchezo,
aliitazama mkononi mwa shangazi,
akatazama paa linavyovuja ndani ya beseni,
akatupa jike lake la kopa, akashindwa.
Sikusema kitu. Nilienda kuongeza kuni.

Usiku ule tulilala kwenye nyasi kavu juu ya zizi,
mimi na Nevena, chini ya blanketi moja linalowasha.
Tangu kiwanda cha vioo kifungwe
nilikuwa nikilala nimekunja ngumi, sikujua.
Alikifungua kiganja changu kidole baada ya kidole,
akaweka chake ndani.
Chini yetu mbuzi alipiga chafya.

Siku ya tisa tukabebeshwa njugu za mti wa uani,
jamu ya plamu, na kuku tuliyemkataa
naye akatukataa kwa makelele.
Karata tulimwachia shangazi;
jioni zake za baridi ni ndefu kuliko zetu.

Wiki iliyofuata, nikivuta kochi kutafuta sarafu,
nikaikuta: shupaza saba ya kweli,
na vumbi lake, na alama ya kikombe cha chai.
Kuituma kwa posta ni bei ya mkate.
Nevena ameibandika jokofuni, juu ya ile bili.
"Isitumwe," amesema.
"Hiyo hupelekwa kwa mkono."